Kamongo: Samaki unayemkwepa sokoni, na kwa nini unafaa kumjua kabla hajaadimika

Taja samaki watatu wa maji baridi, haraka haraka. Tilapia. Mbuta. Omena. Ukijikaza utaongeza kambare, halafu unakwama. Ziwa Victoria limekuwa na mamia ya aina za samaki tangu enzi za mababu, lakini wewe na wenzako mkifika kwa mama samaki wa mtaani mnaagiza wale wale kila wiki, tena tilapia awe wa saizi ya sahani.

Kuna mmoja ambaye huenda umewahi kumwona ukaongeza mwendo. Amejikunja kwenye beseni, mrefu kama mkono wako na wakati mwingine zaidi, ngozi ya kijivu yenye madoadoa inayoteleza, mapezi membamba kama nyuzi. Hafanani kabisa na samaki uliyefundishwa kuchora chekechea. Kijana mmoja wa mjini akimwona mara ya kwanza huuliza, "Mama, huyu ni nyoka?" Na mama naye, bila kuinua macho kutoka kwa kisu chake, hujibu, "Nyoka ana mapezi, kijana wangu? Unanunua ama unapita?"

Anaitwa kamongo. Leo hebu usipite. Nitakueleza jinsi anavyovuliwa, jinsi ya kumnunua bila kupunjwa na jinsi ya kumpika jikoni kwako. Pia nitakueleza jambo ambalo wengi hawalifikirii: samaki ambaye hakuna anayemtaka hana mtu wa kumtetea makao yake yanapoharibiwa.

Samaki anayeweza kuzama majini

Tuanze na maajabu, kwa sababu yapo. Kamongo ana mapafu. Mashavu anayo, ila ni madogo na hayamtoshi akishakuwa mkubwa, kwa hivyo hulazimika kupanda juu ya maji kila baada ya muda, afungue mdomo, avute hewa kama wewe, kisha arudi chini. Mzuie asifike juu na atakufa kwa kukosa pumzi akiwa ndani ya maji. Ndiyo, umesoma vizuri. Huyu ni samaki anayeweza kuzama.

Wanasayansi humwita Protopterus aethiopicus. Ukoo wa samaki wenye mapafu umekuwepo duniani kwa takriban miaka milioni 400, kabla hata dinosaria hawajawazwa. Na ukichora mti wa ukoo wa viumbe wenye uti wa mgongo, utapata kwamba kamongo yuko karibu na wewe kuliko alivyo karibu na tilapia. Kwa hivyo ukimcheka sura, jua unamcheka binamu wa mbali.

Kipaji chake kikubwa zaidi huonekana ukame unapobisha hodi. Kidimbwi kikianza kukauka, kamongo huchimba tope kwa mdomo, huingia ndani, hujikunja mpaka mkia ukafika karibu na kichwa, kisha hutoa ute mwingi. Ute huo ukikauka unakuwa kifuko kinachomfunika mwili mzima, kikiachwa kitundu kidogo tu mdomoni cha kupitishia hewa. Hapo hulala. Hali, hanywi, hakojoi. Mwili wake hupunguza matumizi ya nguvu na kuanza kula misuli yake wenyewe polepole mpaka mvua irudi. Maabarani, samaki wa ukoo huu wamewahi kukaa hivyo kwa miaka kadhaa na wakaamka.

Jambo la kutokojoa ndilo lililomleta Homer Smith upande huu. Mmarekani huyo alikuwa mtafiti wa figo, na mwishoni mwa miaka ya 1920 alisafiri hadi Ziwa Victoria kuwatafuta samaki hawa ili ajue mwili unawezaje kukaa na uchafu wake muda wote huo bila kufa. Mwaka wa 1932 alichapisha kitabu na kukiita kwa jina lile lile linalotumiwa na wavuvi wetu: Kamongo. Fikiria hilo. Karibu karne moja iliyopita, samaki tunayemgeuzia uso sokoni alikuwa ameshapewa jalada la kitabu New York.

Anavuliwa vipi?

Kamongo hupenda kingo: mahali ziwa linapokutana na mafunjo, mito midogo, mitaro, vinamasi. Wavuvi wengi humtega kwa kamba ndefu yenye ndoana nyingi, kila ndoana ikiwa na chambo cha samaki mdogo au kipande cha nyama ya samaki. Kamba hutegwa jioni kwa sababu jamaa hutafuta chakula zaidi usiku, kisha mvuvi hurudi alfajiri kuivuta. Nyuzi lazima ziwe imara. Wembamba unaomtosha tilapia hapa ni mchezo tu.

Shida huanza anapofika kando ya mtumbwi. Badala ya meno ya kawaida, kamongo ana mabamba magumu ya kusagia, aliyopewa kwa ajili ya kuvunja konokono na kombe. Kidole chako si kigumu kuliko kombe. Ndiyo maana mvuvi mzoefu humpiga rungu kichwani kabla hajamwingiza chomboni, na hata hapo hamwekei mkono karibu na mdomo. Wavuvi wa nyavu nao wana ugomvi wao naye: huingia wavuni kula samaki waliokwisha kunaswa, na akitoka huacha tundu la kushonwa kutwa nzima.

Njia nyingine ni ya kusikiliza. Kwenye maji yaliyotulia, pumzi yake akichomoza husikika, na viputo huonekana. Mwenye mkuki na subira hungoja hapo hapo, kwa sababu anajua samaki huyu hana budi kurudi juu. Kiangazi kikikolea, wengine hutembea juu ya tope lililokauka wakitafuta kitundu cha kupumulia, kisha jembe huanza kazi. Wanachimba samaki kama viazi.

Usiione kazi hii kuwa rahisi ukiwa umeketi kwenye matatu ukisoma kwa simu. Kingo zile zile anazozipenda kamongo ndizo zinazopendwa na viboko na mamba. Mvuvi anayevuta kamba alfajiri, maji yakiwa meusi na mafunjo yamemzunguka, anaweka maisha yake kwenye mizani kwa ajili ya beseni moja.

Mbona tunamkwepa?

Sababu ya kwanza ni macho, na hiyo tumeshaizungumzia. Ya pili ni mila. Kwa Waganda, mmamba, yaani huyu huyu kamongo, ni nembo ya mojawapo ya koo kubwa kabisa za Buganda, na mtu wa ukoo huo hamli kamwe. Katika baadhi ya jamii zinazozunguka ziwa, hasa upande wa Uganda, ilikuwa mwiko kwa wanawake kumla. Angalia mpangilio ulivyokuwa: mama anamparua, anampika, anampakua, halafu wanaume wanakula. Miiko hiyo imelegea, na siku hizi wanawake wengi wanakula bila kuomba ruhusa ya mtu.

Sababu ya tatu ni dini. Kwa Wasabato, ambao ni wengi Nyanza na Kisii, swali la kwanza kuhusu samaki ni: ana mapezi na magamba? Kambare hana magamba, kwa hivyo yeye yuko nje. Kamongo anakoroga hesabu, maana magamba anayo ila ni madogo na yamefichwa chini ya ute, na mapezi yake ni yale ya nyuzi. Kesi hiyo nawaachia wazee wa kanisa.

Halafu kuna uvumi wa vijiweni. Ati supu ya kamongo inaongeza nguvu za kiume. Ati mlevi akinywa supu yake anaacha pombe. Kwa kweli, kama unatafuta tiba ya ulevi, muone mhudumu wa afya, na ukitaka nguvu, anza na usingizi wa kutosha. Kamongo ni nyama nzuri yenye protini nyingi. Hiyo inatosha, hahitaji kupambwa na uongo ili auzike. Tena uvumi wa aina hii una ubaya wake: hupandisha bei ghafla na kuwafanya watu wamtafute kwa sababu zisizo na kichwa wala miguu.

Sababu ya nne haisemwi sana. Jiji lilichaguliwa samaki na biashara. Mbuta aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, akawatafuna samaki wengi wa asili, kisha viwanda vikaanza kumkata minofu na kuipeleka ng'ambo, na sisi tukabaki na mgongo wazi. Samaki wa ziwa walipopungua, tilapia waliogandishwa kutoka China walijaa sokoni, na mwaka wa 2018 nchi nzima ilikuwa ikibishana kuwahusu. Katika shughuli hiyo yote hakuna aliyesimama kuuliza: je, hatuna samaki wengine?

Kumnunua na kumpika

Kwanza, mahali. Ukiwa Kisumu, Busia au Siaya, uliza kwenye bichi au soko la karibu, na usishangae ukiambiwa urudi asubuhi. Ukiwa Nairobi, wachuuzi wa samaki wa Gikomba ndio wa kuuliza, na mara nyingi utakayempata huku ni yule aliyekaushwa kwa moshi, kwa sababu anasafiri vizuri.

Pili, jinsi ya kumkagua. Ile mbinu uliyofundishwa na mama ya kufunua mashavu uone kama ni mekundu haitakusaidia sana hapa. Habari njema ni kwamba kamongo anapumua hewa, kwa hivyo huweza kukaa hai kwenye beseni lenye maji kidogo kwa muda mrefu bila barafu. Ukimkuta anavuta pumzi, umemaliza ukaguzi. Kama ameshakufa, bonyeza nyama: irudi upesi. Nusa: anuke ziwa, asinuke uvundo. Wa moshi awe mkavu mpaka ndani, bila ukungu wala funza, na mwombe muuzaji amvunje kipande uone katikati.

Tatu, usafi. Ute ndio kazi. Mwambie mama samaki akuparie, mlipe chake, atakuokoa saa nzima. Ukiamua kujifanyia, msugue kwa jivu au chumvi nyingi, mmwagie maji ya moto, kisha ukwangue kwa kisu mpaka ngozi iache kuteleza. Toa matumbo, osha, kata vipande vya unene wa vidole viwili. Usishtuke ukiona nyama ni nyekundu kuliko ya tilapia. Ndivyo alivyo.

Nne, moto. Hapa ndipo wengi humharibu, kwa kumpika kama tilapia. Nyama ya kamongo imeshikana, ina mafuta yake na harufu nzito, kwa hivyo inahitaji muda na viungo. Paka vipande chumvi, ndimu, tangawizi na kitunguu saumu, uviache nusu saa. Chemsha kwa maji kidogo mpaka vianze kulainika, kisha umwage maji hayo kama harufu inakusumbua. Kausha vipande, uvikaange kwa mafuta ya kadiri hadi vishike rangi. Kwenye sufuria nyingine kaanga kitunguu, weka nyanya nyingi ziive mpaka ziwe rojo, tia pilipili ukipenda, kisha ingiza samaki wako, ongeza maji kidogo, ufunike na kupunguza moto. Dania inaingia mwishoni.

Kama ni wa moshi, mloweke kwa maji ya moto kwanza, umwoshe masizi, kisha umtie moja kwa moja kwenye rojo la nyanya. Wa moshi ndiye ninayempendekezea mtu anayeanza, kwa sababu moshi hutuliza ile harufu ya tope. Ugali lazima uwe mgumu. Pembeni weka osuga au mrenda. Ukimwalika rafiki mwenye kuchagua chagua chakula, mpe kwanza ale, jina utamwambia baadaye.

Habari mbaya

Sasa tufike pale nilipokuahidi. Kwa upande wa Ziwa Victoria, kamongo amepungua. Watu wazima wa bichi watakwambia waliowavua wakiwa vijana walikuwa wengi na wakubwa kuliko wa leo. Mbuta alichangia, na uvuvi wa kupita kiasi nao umechangia. Ila pigo ambalo watu wa mjini hatulioni ni la kinamasi.

Kamongo huzaa kwenye mafunjo. Dume huandaa kiota, jike hutaga, kisha dume hubaki kulinda mayai na watoto. Watoto wenyewe huanza maisha wakiwa na mashavu ya nje yanayoning'inia kama manyoya. Toa mafunjo na hakuna kiota. Na mafunjo tunayatoa kila siku: kukausha ardhi ya kilimo, kuchoma, kukata bila mpango, kumwaga taka. Kinamasi cha Yala, ambacho ni kikubwa kuliko vingine vya maji baridi nchini, kimekuwa kikimegwa kwa ajili ya mashamba tangu miaka ya 1960. Humo ndani kuna Ziwa Kanyaboli, ambako ngege wa asili bado amejificha baada ya kukosekana karibu kote Ziwa Victoria.

Hapa ndipo hadithi ya usingizi wa topeni inapouma. Samaki huyu anaweza kungoja mvua kwa muda mrefu kuliko mnyama yeyote unayemjua. Ukame wa kawaida haumtishi. Lakini kinamasi kikishageuzwa shamba, mvua inarudi na maji yake hayarudi.

Na hasara haiishii kwa samaki. Kamongo hula konokono kwa wingi, wakiwemo wale wanaobeba vimelea vya kichocho. Wanasayansi wamewahi kupendekeza atumiwe kuwapunguza konokono hao. Kwa mtoto anayeoga na kuteka maji ziwani, kamongo mmoja kwenye mtaro ni jirani wa maana. Kinamasi chenyewe nacho huchuja uchafu wa mito kabla haujafika ziwani na hupunguza kasi ya mafuriko. Gugu maji na mafuriko yanayokuja kwenye habari kila msimu yanahusiana na kuondoka kwa mafunjo hayo.

Linganisha na Baringo. Kule kamongo si mwenyeji, aliingizwa miaka ya 1970, akajipatia makao, na kwa miaka mingi amekuwa sehemu kubwa ya samaki wanaotolewa ziwani. Pale Kampi ya Samaki hakuna anayemwita nyoka. Karo imelipwa kwa kamongo. Na kwa kuwa anawalisha, wavuvi wanamfuatilia: wanajua amepungua lini, ni mdogo kiasi gani, maji yamepanda wapi tangu ziwa hilo lilipoanza kufurika mwanzoni mwa miaka ya 2010 na kumeza nyumba na shule. Anayekula kitu hukihesabu.

Basi nimle au nimwache?

Ni swali la haki. Kama amepungua, kwa nini nikushawishi umtie sufuriani?

Jibu langu ni hili. Kumdharau hakujamsaidia. Kwa miaka yote ambayo jiji limemkwepa, kinamasi chake kimeendelea kukauka kimya kimya, na hakuna aliyepiga kelele mtandaoni kwa sababu hakuna aliyejua kilichopotea. Mbuta akipungua, taarifa hutoka, kwa kuwa kuna pesa. Kamongo akipungua, ni mvuvi mmoja na mama mmoja wa samaki wanaojua, na hao huwa hawaulizwi.

Kwa hivyo mle, lakini mle kwa akili. Mfanye awe chakula cha mara moja moja, asiwe wa kila Jumamosi. Usinunue vichanga vyenye urefu wa kalamu, hata vikiuzwa rahisi, kwa kuwa hivyo havijazaa. Muulize muuzaji ametoka wapi: Baringo, Kanyaboli, Winam, Busia. Akishindwa kujibu leo, na wewe ukauliza tena wiki ijayo, atamuuliza aliyemletea. Vikundi vya usimamizi wa bichi, ile BMU, viko pale kuwasikiliza wavuvi, na husikiza zaidi wanapojua wanunuzi nao wanajali.

Na ukisikia mjadala wa kukausha kinamasi fulani ili kijengwe hiki au kile, usiupitishe kama mambo ya watu wa mashambani. Uliza maji ya mafuriko yatakwenda wapi, uliza mafunjo yatapandwa wapi, uliza nani alishauriwa. Vikao vya maoni ya umma hutangazwa, na viti vya vijana ndivyo huwa vitupu.

Jumamosi ukipita sokoni na ukakuta beseni lina kiumbe cha kijivu kinachovuta hewa, simama. Mwamkie mama. Uliza bei, uliza ametoka wapi, na kama kisu chake ni kikali, mwombe akuparie nusu. Nusu inatosha watu wanne, na ugali wake.